Mwongozo kamili: Kupata chumba cha bei nafuu Dar es Salaam bila kulizwa

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Mtu amepata chumba kwa haraka, amelipa kodi ya miezi sita, na kabla mwezi wa pili haujaisha anataka kuhama. Maji hayatoki, au nauli inammaliza, au mvua ya kwanza imemwingilia hadi chini ya kitanda. Mwingine hakuingia kabisa: alifika na kirikuu cha vitu vyake akamkuta mpangaji mwingine anapanga viatu mlangoni.

Ukiwasikiliza wote, utaona wamefanya kosa moja. Walitoa pesa kwanza, wakakifahamu chumba baadaye. Kodi ya miezi sita ikishatoka mkononi hairudi kirahisi, na unabaki umefungwa mahali usipopapenda kwa sababu huna nyingine ya kuanzia upya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta chumba kimoja, au chumba na sebule, kwa kipato cha kawaida. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, ndiyo itakayokugharimu.

## Andaa hivi kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, pamoja na nakala mbili. Wenye nyumba wengi na ofisi za serikali ya mtaa watakiomba.
- Barua ya utambulisho kutoka mtaa au kijiji unachotoka, kama ni mgeni jijini.
- Pesa iliyogawanywa mafungu matatu: kodi, dalali, na kuhamia. Usiyachanganye.
- Daftari na kalamu. Ukishaona vyumba vitano, kichwani vinakuwa kimoja.
- Simu yenye chaji, tochi, na chaja yake ya kujaribia soketi.
- Futi ya kupimia. Kitanda cha tano kwa sita hakiingii kila chumba.
- Mtu mzima mmoja wa kukusindikiza, hasa siku ya kulipa.
- Wiki mbili, na mahali pa kulala katika wiki hizo. Kama unaishi kwa ndugu, mwombe muda huo waziwazi: "Shangazi, naomba wiki mbili nitafute chumba vizuri." Mtu ambaye leo usiku hana pa kulala hawezi kukataa chumba kibaya.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwezi mzima, siyo kodi peke yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaulizana "kodi bei gani?" na jibu likiwa dogo wanafurahi. Lakini chumba kina bei mbili, ile unayomlipa mwenye nyumba na ile unayoilipa kila siku kwa sababu unaishi pale.

Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi.

Chumba cha kwanza ni cha 50,000, ndani sana. Asubuhi bodaboda hadi kituoni 1,000, kisha daladala mbili za 600 kila moja. Jioni vilevile. Hiyo ni 4,400 kwa siku, 114,400 kwa mwezi. Jumlisha kodi: 164,400.

Chumba cha pili ni cha 90,000, karibu na kituo. Gari moja kwenda, moja kurudi, 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Jumlisha kodi: 121,200.

Chumba "ghali" kimekuwa nafuu kwa 43,200 kila mwezi, na hapo hatujahesabu saa mbili za foleni. Ndiyo maana nasisitiza hesabu hii ifanyike kwa maandishi, kwa nauli halisi za njia yako.

Kisha ongeza maji, umeme, taka na mchango wa ulinzi shirikishi pale ulipo. Kwa maoni yangu, kodi, nauli, umeme na maji vikijumlishwa visizidi nusu ya kipato chako. Vikizidi, mwezi wowote utakaougua au kufiwa utakopa.

Halafu piga hesabu ya pesa ya kuanzia. Chumba cha 80,000 kwa miezi sita ni 480,000. Dalali kwa mazoea huchukua kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Hapo ni 560,000 kabla ya gari la mizigo, kitasa kipya, umeme na ndoo. Chumba hichohicho kwa miezi mitatu kinahitaji 320,000 pamoja na dalali. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuongoza kwenye Hatua ya 7.

Umefaulu kama: una namba mbili kwenye daftari, kiwango cha juu cha kodi kwa mwezi na jumla ya pesa ya kuanzia, na uko tayari kukataa chumba kinachozivuka.

## Hatua ya 2: Chagua barabara kabla ya kuchagua mtaa

Dar es Salaam inaishi kwa barabara zake. Anza pale unapofanya kazi au kusoma, kisha uliza: ni gari gani linafika hapa moja kwa moja?

Barabara ya Morogoro inakupa Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibamba, na mwendokasi umekuwa ukifika hadi Kimara tangu 2016. Barabara ya Nyerere inakupeleka Vingunguti, Gongo la Mboto, Pugu hadi Chanika. Barabara ya Kilwa ni ya Mbagala, Chamazi na Kongowe. Bagamoyo ni Mwenge, Tegeta, Boko na Bunju. Mandela inaunganisha Ubungo, Buguruni na Temeke bila kupita katikati ya mji, na watu wengi huisahau. Kigamboni kuna vyumba vizuri, ila kama kazi yako iko Posta, jiulize utafanya nini siku foleni ya panton, yaani kivuko, imejaa hadi barabarani.

Chagua barabara moja, halafu mitaa mitatu tu juu yake. Anayetafuta Sinza, Mbagala na Goba kwa wakati mmoja huishia kuchoka na kukubali chochote.

Kisha panda gari la njia hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi. Siyo Jumapili. Jumapili kila mahali ni karibu.

Onyo: "dakika tano kutoka barabarani" kwa lugha ya dalali ni dakika tano za bodaboda. Tembea mwenyewe kwa miguu ukiangalia saa.

Umefaulu kama: umesafiri njia nzima kwa muda wako wa kazi na unajua nauli na dakika zake.

## Hatua ya 3: Tafuta kwa miguu kwanza, dalali baadaye

Vyumba vya bei nafuu haviwekwi mtandaoni kwa wingi. Vinapita mdomoni. Mpangaji anahama, anamwambia jirani, jirani anamwambia mwenye duka. Kikifika mtandaoni mara nyingi kimeshapita kwa watu wawili, na kila mmoja ameongeza chake.

Nenda mtaani Jumamosi asubuhi. Nunua kitu dukani, kunywa chai kwa mama lishe, kaa kwa kinyozi. Uliza kwa adabu: "Samahani dada, natafuta chumba maeneo haya, kuna mtu unamfahamu anahama?" Waulize bodaboda wa kijiweni, wanaijua kila nyumba. Soma mageti na kuta, bado watu wengi huandika "Chumba kinapangishwa" kwa chaki au rangi.

Wiki ya mwisho wa mwezi ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu mikataba inaisha na watu wanahama. Kama unatafuta karibu na Mlimani, Changanyikeni au Mabibo, kwepa Oktoba na Novemba. Vyuo vikifunguliwa, wanafunzi humaliza vyumba na bei hupanda.

Siku tatu za kutembea zikipita bila mafanikio, tafuta dalali. Sina ugomvi na madalali, wapo wanaofanya kazi yao vizuri na kukuokolea muda mwingi. Ila mtumie yule wa mtaani palepale, anayejulikana na wenye maduka, na mkubaliane mambo matatu kabla hamjapiga hatua:

1. Pesa yake atalipwa lini. Jibu sahihi: baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kukabidhiwa.
2. Je, kuna pesa ya kuonyeshwa? Baadhi huomba kiasi kidogo cha kukuzungusha. Kama utakubali kulipa, iwe mara moja tu, siyo kwa kila mlango, na ikatwe kwenye malipo yake ya mwisho.
3. Je, utazungumza na mwenye nyumba ana kwa ana? Akisema "mwenye nyumba hapendi usumbufu, malizana na mimi," mshukuru na uondoke.

Onyo: usitume shilingi hata moja kukishikilia chumba ambacho hujakiona. Picha nzuri, bei ya chini kupita kawaida, na maneno "kuna mtu mwingine anakuja saa nane" vikikutana pamoja, huo ni wizi hadi uthibitishwe vinginevyo.

Umefaulu kama: una vyumba vinne au vitano vya kwenda kukagua, vyote ndani ya hesabu yako.

## Hatua ya 4: Kagua chumba kama fundi, siyo kama mgeni

Mgeni huingia, akasifia tailizi na jipsamu, akatoka. Wewe kaa ndani nusu saa. Mwenye nyumba mkweli hatakukimbiza.

Maji. Fungua bomba. Yakitoka, uliza yanatoka siku ngapi kwa wiki, na muulize mpangaji, siyo mwenye nyumba. Uliza ni ya DAWASA au ya kisima. Maji ya kisima maeneo mengi ya Dar yana chumvi. Yanafaa kufua na kudeki, lakini utanunua ya kunywa na ya kupikia, na hiyo ni gharama ya kila siku. Angalia kama kuna tangi, na kama tangi lina maji. Mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uliwafundisha watu thamani ya tangi. Wenye akiba nyumbani walivumilia, wengine walipanga foleni za ndoo usiku.

Umeme. Uliza LUKU ni ya peke yako au mnachangia. Ya peke yako ni bora hata kama kodi imezidi kidogo, na sababu siyo ugomvi tu. Mita za daraja la matumizi madogo hupata uniti 75 za kwanza kwa mwezi kwa bei ya chini. Ukizivuka, uniti moja inapanda zaidi ya mara tatu. Familia tano zikichangia mita moja, uniti hizo huisha siku za mwanzo za mwezi, na wewe mwenye taa mbili na feni unalipa bei ya mwenye friji na pasi.

Omba kuona risiti ya LUKU. Kwa bei zilizozoeleka, shilingi 5,000 ikileta uniti kama 14, mita iko daraja la kawaida. Ikileta kama 41, iko daraja la chini. Angalia risiti isiyo na makato ya jengo, maana makato hayo hubadilisha hesabu.

Na hapo kwenye makato pana mtego. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa nyumba ya ghorofa ni 7,500 kwa kila ghorofa. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Tena chumba kikikaa wazi miezi mingi bila umeme kununuliwa, makato hulimbikizwa, na manunuzi yako ya kwanza yanaweza kumezwa karibu yote. Mwombe mwenye nyumba anunue umeme mbele yako, au mkubaliane kwa maandishi kwamba malimbikizo yatatolewa kwenye kodi.

Chomeka chaja kwenye kila soketi. Washa kila taa.

Ukuta na dari. Piga tochi chini ya ukuta, usawa wa magoti. Mstari wa kahawia ulionyooka, rangi iliyobanduka, au unga mweupe wa chumvi unakuambia maji yalisimama hapo au yanapanda kutoka ardhini. Rangi mpya upande wa chini tu ni dalili mbaya kuliko ukuta mchafu. Tazama dari penye kona: madoa ya mviringo ni bati linalovuja.

Bonde. Toka nje utazame nyumba imekaa wapi. Maeneo yanayopakana na Mto Msimbazi na mito mingine midogo hufurika masika, Machi hadi Mei, na mara nyingine vuli. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande. Bei ndogo ya chumba cha bondeni ina sababu. Kwenye vilima vya Kimara na Goba hatari ni nyingine, korongo linalokula uwanja kidogo kidogo kila mvua. Tazama kama kuna viroba vya mchanga au matairi nyuma ya nyumba.

Alama ya X. Angalia ukuta wa nje na wa majirani. X nyekundu inamaanisha nyumba imewekwa kwenye orodha ya kubomolewa, kwa kawaida kwa sababu ya barabara au hifadhi ya mto. Kimara hadi Kiluvya watu waliziona X hizo mwaka 2017 kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Ukiiona, usiulize zaidi.

Choo. Kama ni cha kuchangia, hesabu kaya zinazokitumia. Uliza shimo linavutwa lini na nani analipia gari la maji taka. Uliza pia kama kuna jirani anayetapisha choo mvua zikinyesha. Swali hili watu huona aibu kuliuliza, lakini kipindupindu hakina aibu.

Mlango na dirisha. Kitasa kinafanya kazi? Nondo zimekazwa? Dirisha linatazama uwazi au ukuta wa jirani? Chumba kisichopitisha hewa, Januari ya Dar es Salaam, utakilalia mlango wazi, na mlango wazi ni mwaliko kwa vibaka.

Piga picha za kila kasoro, kisha andika kwenye daftari ukiwa bado ndani.

Umefaulu kama: unaweza kumweleza mtu mwingine ubaya wa chumba hicho, siyo uzuri wake tu.

## Hatua ya 5: Rudi usiku, na rudi baada ya mvua

Nilipokuwa mpya jijini nilipanga chumba Tabata nilichokiona mchana mara moja. Kilikuwa kisafi, mtaa umetulia. Usiku wa kwanza niligundua kuna baa nyuma ya ukuta, na spika zake zilikuwa zimeelekezwa kwangu hadi saa nane za usiku. Nilikuwa nimelipa miezi sita. Nilivumilia minne, nikahama na kuiacha miwili. Pesa ile niliilima kwa jasho, na bado inaniuma.

Kwa hiyo rudi saa mbili au saa tatu usiku. Sikiliza. Angalia kama njia ya kutoka kituoni ina taa na watu. Kama wewe ni dada unayerudi kazini usiku, tembea njia hiyo na msindikizaji wako na uwaulize wanawake wa pale, siyo wanaume: "Hapa mnapita saa ngapi mwisho?"

Mpangaji anayehama ndiye chanzo bora cha habari kuliko wote. Mtafute umuulize anahama kwa nini. Muulize pia kodi imepanda mara ngapi tangu ahamie, na mwenye nyumba huchukua muda gani kutengeneza kitu kikiharibika.

Kama mvua itanyesha ndani ya wiki zako mbili, acha shughuli zote uende. Saa moja baada ya mvua kubwa utajua mambo ambayo mtu mwingine atayajua baada ya kulipa.

Umefaulu kama: umekiona chumba mara mbili kwa nyakati tofauti na umezungumza na wapangaji wawili bila mwenye nyumba kuwepo.

## Hatua ya 6: Hakikisha unayemlipa ndiye mwenye nyumba

Utapeli unaoumiza zaidi ni wa mtu mwenye ufunguo. Anapanga chumba kwa mwezi mmoja, kisha anakipangisha kwa watu watatu au wanne kama chake, anakusanya kodi ya miezi sita kwa kila mmoja na kutoweka. Ufunguo siyo ushahidi wa umiliki.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Ongea na mwenyekiti au mtendaji: "Shikamoo mzee. Nataka kuhamia nyumba ya fulani, kule karibu na msikiti. Naomba kujua kama ndiye mwenyewe." Mjumbe wa eneo naye anamjua. Ukiombwa ada ya barua au kushuhudia mkataba, uliza kiasi mapema na udai risiti.

Kama nyumba ni ya marehemu, uliza msimamizi wa mirathi ni nani, na umlipe huyo peke yake. Ndugu wanaogombania nyumba hupangisha kila mmoja kwa wakati wake, na anayefukuzwa ni mpangaji. Kama mwenye nyumba yuko mbali, anayekusanya kodi awe na barua ya kumruhusu, na uongee na mwenye nyumba kwa simu ukiwa pale ofisini.

Umefaulu kama: jina kwenye kitambulisho cha anayepangisha, jina analolijua mwenyekiti, na jina litakaloandikwa kwenye mkataba ni moja.

## Hatua ya 7: Omba kupunguziwa, ukianza na miezi

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo bei ni makubaliano yenu. Hilo linakubana, lakini pia linakupa nafasi ya kuzungumza.

Watu huanza na kuomba kodi ishuke. Anza na miezi. Mwenye nyumba hushikilia miezi sita kwa hofu ya kukimbiwa, hivyo mwondolee hofu:

"Shikamoo mama. Chumba nimekipenda, na majirani wamekusema vizuri. Mimi nalipwa kila mwezi, miezi sita kwa mkupuo itanielemea. Naomba nianze na mitatu, na kila ikibaki wiki mbili nitakuwa nimekuletea mitatu mingine. Hiki kitambulisho changu, na pale ninapofanya kazi unaweza kuuliza."

Akikataa, sasa toa daftari lako. Kitasa kibovu, dirisha bila wavu, rangi: omba avitengeneze kabla hujahamia, au utengeneze wewe na gharama itolewe kwenye kodi, kwa maandishi. Ukiona anakasirika kwa kuulizwa kwa heshima, umeshaonyeshwa atakavyokuwa bomba likipasuka.

## Hatua ya 8: Andikeni mkataba, hata kama chumba ni cha 40,000

Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho, mahali nyumba ilipo, kodi kwa mwezi, tarehe ya kuanza na kuisha, na kiasi kilicholipwa kwa tarakimu na maneno.

Halafu ongeza mambo ambayo mikataba iliyochapwa inayouzwa stationari huyaacha:

- Kodi haitapanda ndani ya kipindi kilicholipiwa, na ikipanda baadaye mpangaji ataambiwa miezi mingapi kabla.
- Notisi ya kuhama ni muda gani kwa kila upande, na kodi iliyobaki inarudishwaje.
- Nani analipia maji, taka, kuvuta choo na kodi ya majengo ya kwenye LUKU.
- Kasoro zilizopo siku ya kuingia, ili usidaiwe siku ya kutoka.

Sainini nakala mbili mbele ya mashahidi, na ofisi ya mtaa ni mahali pazuri. Mgogoro ukitokea, unaanzia kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata, na usipotatuliwa unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote utaulizwa karatasi.

Umefaulu kama: una nakala yako yenye saini, na picha yake umemtumia mtu unayemwamini.

## Hatua ya 9: Lipa mara moja, kwa njia inayoacha alama

Lipa kwa benki au kwa simu. Ukituma kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome polepole. Likitofautiana na la kwenye mkataba, simamisha. Kama anataka taslimu, zihesabiwe mbele ya mashahidi na apewe baada ya kuandika na kusaini risiti.

Dalali mlipe baada ya hapo, ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Onyo la baadaye: kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu za watu, "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii." Hutumwa kwa maelfu ya namba kwa kubahatisha, na humkuta mtu ambaye kweli kodi yake imefika. Piga namba ya mwenye nyumba uliyoihifadhi siku ya mkataba, usikie sauti yake.

## Hatua ya 10: Siku ya kuhamia na wiki ya kwanza

Badilisha kitasa kabla hujaingiza godoro. Aliyetoka, na waliomtangulia, huenda bado wana funguo.

Patana bei ya kirikuu au guta kwa safari nzima, pamoja na kupakia na kushusha, kabla hakijawashwa. Hamia asubuhi, ili kasoro zikionekana fundi apatikane siku hiyohiyo.

Jitambulishe kwa mjumbe na kwa majirani wa pande zote. Siku utakapougua usiku, ndio watakaogonga mlango.

Piga picha chumba kizima kikiwa kitupu, na za mita za umeme na maji zikionyesha namba.

Kisha anza kuweka kodi ijayo wiki hiyohiyo. Kwa chumba cha 80,000 unacholipia miezi sita, ni kama 18,500 kila wiki kwa wiki 26. Iweke mbali na pesa ya matumizi, kwenye kibubu au akaunti tofauti. Ukisubiri mwezi wa tano ndiyo uanze kuwaza laki nne na themanini, utarudi kuhangaika mjini na begi mkononi, na chumba chako kizuri atapewa mwingine.